Mbuzi ya bibi, chumvi ya Mikindani na chupa ya mafuta ya nazi

Mbuzi ya kukunia nazi ya bibi ilikuja hapa Mikindani ndani ya kiroba, imeviringishwa kwenye khanga kuukuu, pamoja na panga lake na kile kisu chake kidogo cha mhunzi ambacho alikuwa hampi mtu. Alisema mgongo haumruhusu tena kukaa kitako akakuna, na mimi ndo mjukuu niliyekuwa namsaidia jikoni toka mdogo, kwa hiyo vitu vikaja kwangu. Kule Newala mbuzi ile ameitumia miaka na miaka, meno yake meusimeusi, makali, yanang'aa pale tu yanapogusa nazi. Mi nikaitumia vilevile kama yeye, nikakuna, nikaosha, nikaweka kwenye kichanja ikauke, na hata wiki mbili hazijaisha meno yote yameshakuwa rangi ya udongo mwekundu, tui linatoka na ladha ya chuma. Kisu nacho madoa. Panga ndo usiseme, upande mmoja ulikuwa umeegemea ukuta wa jikoni na upande huo ukawa unabanduka magamba.

Iliniuma sana. Kitu mtu amekitunza maisha yake yote halafu kwako kinaharibika kabla hata hujakizoea. Nikampigia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu, hamjambo huko pwani?"

Nikamwambia ukweli, mbuzi yako imeshika kutu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Ukishaosha unafanyaje?" Nikamjibu naiweka kichanjani ijikaushe. Akasema, "Mjukuu wangu, huko uliko hakuna kitu kinajikausha chenyewe."

Hayo maneno ndo yamenifanya niandike hapa, maana nimekaa nayo karibu miaka miwili sasa najaribu hiki na kile, na kila nikitembelea nyumba za watu huku, Mikindani, Mtwara mjini, hata nikienda kwa shemeji Lindi, naona tatizo ni lilelile, visu vyekundu, karai linabanduka, komeo halifunguki mpaka upige teke, na watu wanaona ni kawaida, wanasema ah pwani hiyo, wananunua kingine. Si lazima ununue kingine.

Kwanza tuelewane kutu inatokea wapi. Chuma kinashika kutu kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, kimoja kikikosekana haitokei. Newala iko juu huko uwandani, upepo mkavu, bahari iko mbali, ukiosha kisu asubuhi ukakiacha mpaka mchana kimekauka kweli. Hapa chini kuna chumvi. Simama upenuni jioni kusi ikivuma, ramba midomo yako, utaiona ladha yake. Ile chumvi inakaa juu ya kila kitu na wewe huioni. Na chumvi inavuta maji, unyevu wa hewani ukifika kama asilimia 75 hivi chumvi ya kawaida inaanza kuyeyuka yenyewe, ndo maana kopo lako la chumvi jikoni linaloa bila mtu kulimwagia maji, na hapa kwetu asilimia hiyo tunaifikia mara nyingi tu. Sasa punje hiyohiyo ikiwa juu ya kisu inafanya vilevile, inajitengenezea tone lake dogo pale, na maji ya chumvi yanakula chuma haraka kuliko maji matupu. Kwa hiyo wewe unaona kisu kikavu, kumbe kimeloa.

Na kutu ikishaanza haijifungi. Sufuria ya alumini nayo inaota ngozi yake nyembamba juu lakini ngozi ile inaikinga, inabana, basi. Ya chuma imejaa vitundu, inavimba inabanduka, chini kunabaki chuma kipya na chenyewe kinaanza kuliwa. Ukiipuuza inaendelea tu mpaka kitoboke.

Kwa hiyo dawa ya kwanza kabisa, na ningeambiwa nichague moja tu ningechagua hii: osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, futa kwa kitambaa kikavu hapohapo, halafu pitisha kwenye joto la jiko kidogo. Nusu dakika. Sisi kisima chetu maji yake yana chumvichumvi, kwa hiyo kuoshea vyombo ni sawa ila visu na mbuzi namalizia kwa maji ya mvua niliyokinga kwenye pipa, au ya bomba yakiwepo. Jiko la mkaa likiwa bado na moto mdogo baada ya kupika nasogeza mbuzi karibu, natazama unyevu unavyotoka kwenye maungio ya mbao na chuma, pale ndo maji yanapojificha, pale ambapo kitambaa hakifiki. Ukiacha pale paloe, mbuzi itang'oka kwenye kibao chake siku moja unakuna.

Kabla ya kukinga ilibidi niondoe ile iliyokwishaingia. Hapa nilitumia mbirimbi, mti upo uani kwa jirani na zinaanguka tu chini hazina mwenyewe. Mbirimbi ni kali kuliko ndimu kwa kazi hii, ina asidi ya oksaliki ambayo inaishika kutu vizuri na kuiyeyusha. Nilipasua, nikasugua meno ya mbuzi moja moja, nikaacha kama dakika ishirini, nikasugua na mswaki wa zamani, maji yakatoka ya kahawia, nikarudia mara tatu. Ukiwa huna mbirimbi ndimu inafanya, ukwaju uliorowekwa mzito unafanya pia, siki inafanya. Zote ni asidi, zinatofautiana nguvu tu.

Lakini sikiliza, usilaze kitu usiku kucha kwenye asidi. Mi nilifanya hivyo na kisu cha bibi, nikakitumbukiza kwenye kikombe cha siki nikaenda kulala, asubuhi kutu imetoka kweli lakini kisu kimekuwa kijivu, kinakwaruza ukikipapasa, makali yamekwenda. Asidi ikimaliza kutu haisimami, inaanza kula chuma chenyewe. Ilibidi nikipeleke kwa mhunzi akinoe upya na unene wake haujarudi mpaka leo, kila nikikishika nakumbuka. Dakika ishirini, tazama, rudia. Usikiache.

Ukimaliza asidi, suuza na maji uliyoyeyushia magadi kidogo ili uikate ile asidi, halafu maji matupu, halafu kausha kwenye moto saa hiyohiyo. Chuma kilichotoka kusuguliwa kiko uchi kabisa, ukikiacha uende kupokea simu ukirudi kimeshaanza kugeuka rangi. Mafuta yawe karibu kabla hujaanza.

Na kuna ule ushauri unazunguka sana, sugua kutu kwa limau na chumvi. Sitaki mtu wa huku aufuate. Limau sawa, chumvi inasaidia kukwaruza, lakini sisi tunapigana na chumvi halafu unaichukua unaisugua kwa mkono wako mwenyewe mpaka ndani ya vitundu vya chuma? Usiposuuza sanasana umejipandia kutu ya wiki ijayo. Ukitaka kitu cha kukwaruza tumia majivu yaliyochekechwa, au majani ya msasa, yale makavu yanayokwaruza kama karatasi, wazee walikuwa wanalainishia mbao na vyombo kwa majani hayo na jina la karatasi ya msasa limetoka hukohuko. Majivu usipeleke kwenye alumini, yanaila.

Sasa mafuta. Hapa ndo nimejifunza mengi kwa sababu nilikuwa nadhani mafuta ni mafuta.

Mafuta ya nazi hayagandi kuwa ngozi ngumu. Hata ukiyapaka leo, wiki ijayo bado ni mafuta, yanateleza. Na hayachachi upesi kama mengine. Kwa hiyo kwa kisu, mbuzi, panga, shoka, nyengo, mkasi, vitu unavyovishika na kuvifuta kila mara, ya nazi ndo mazuri, na huku kwetu yanapatikana, ukiweza kukamua mwenyewe ndo kabisa, hakikisha tu umeyachemsha mpaka maji yote yameisha na machicha yameachana nayo, yakibaki na maji umepaka maji kwenye chuma. Miezi ya baridi, wa sita na wa saba, asubuhi utayakuta yameganda kwenye chupa, weka chupa juani dakika chache.

Mafuta ya alizeti na ya ufuta ni kinyume. Yakipakwa yakakaa yanaanza kunata, yanakuwa kama gundi. Panga la bibi mwanzoni nilipaka alizeti, nikapaka nyingi nikijua ndo ulinzi, baada ya mwezi lilikuwa linashika vumbi na nyuzi za kiroba, kulisafisha ilikuwa kazi kuliko kutu yenyewe. Lakini kunata hukohuko kukipata moto mkali ndo kunageuka ngozi ngumu nyeusi, na hiyo ndo unayoitaka kwenye karai na kikaango cha chuma. Kwa hiyo ya nazi kwa vya kushika, ya alizeti kwa vya motoni. Mi nimeandika kwa kalamu kwenye chupa zote mbili, hii kisu, hii karai.

Namna ya kupaka: matone machache, sugua kote, halafu chukua kitambaa kingine kikavu ufute kama vile umejuta kuyapaka. Kinachobaki ndo kinatosha. Wengi wanakosea hapa wanapaka mpaka yanachuruzika.

Karai langu la kukaangia samaki lilikuwa limekwisha, nikataka kumpa mtu wa vyuma chakavu. Nikalisugua na stili waya mpaka likawa jeupe, nikaosha, nikalikausha jikoni, nikapaka alizeti ile nyembamba kabisa, nikaliweka juu ya mkaa uliokolea nje uani maana moshi ni mwingi, nikaacha mpaka moshi umeisha wenyewe, nikaliepua, likapoa kidogo, nikarudia. Mara nne. Mara ya kwanza lilikuwa na rangi ya asali, ya pili kahawia, ya nne jeusi linang'aa, na dagaa hawagandi. Kila mara nikimaliza kukaanga nalifuta, likiwa chafu sana nalisugua na maji ya moto bila kulikwangua, nakausha motoni, tone la mafuta, basi. Ila mchuzi wa ukwaju au nyanya nyingi usiupikie humo, ile asidi inavua ngozi yote uliyoihangaikia, mchuzi una sufuria yake.

Kuna kitu kimoja watu wanachanganya. Kisu cha mhunzi, vile vya springi za gari, ukikatia ndizi mbichi au mabibo kinageuka cheusi, au kibluu hivi. Msimu wa korosho visu vyote huku viko hivyo. Watu wanakisugua wakidhani ni kutu, kumbe siyo, ni tanini, ile kitu ya kwenye tunda inayokausha mdomo, imeshikana na chuma, na weusi ule hauli chuma, unakikinga kidogo hata. Meno ya mbuzi ya bibi yalikuwa meusi hivyohivyo na mimi nilikuwa nayasugua yang'ae! Nyekundu ndo ya kuogopa, nyeusi iache.

Nikapeleka akili hiyo kwenye madirisha. Grili la dirisha la nyuma lilikuwa limeiva kutu na huwezi kuliloweka kwenye mbirimbi, liko ukutani. Nikasugua magamba yote kwa brashi ya waya, nikaosha na maji baridi, nikaacha likauke mchana wa jua kali, halafu nikapaka chai, maana nayo ina tanini. Majani ya chai mengi, yakachemka mpaka yakawa meusi, bila sukari, nikapaka kwa brashi asubuhi na jioni siku tatu. Kutu iliyobaki ikageuka nyeusi. Nasikia zamani magome ya mikoko ya Kilwa na Rufiji yalikuwa yanasafirishwa kwa ajili ya tanini hiyohiyo, ya kutengenezea ngozi za wanyama, lakini mikoko tuiache jamani, inalinda fukwe zetu, chai inatosha.

Juu ya ile nyeusi nikapaka nta. Nta ya nyuki naipata kwa watu wa asali wanaoshuka kutoka Liwale, mara nyingi wanaitupa au wanakuuzia rahisi sana. Fungu moja la nta, mafungu matatu ya mafuta ya nazi, weka kwenye bakuli, bakuli ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka, nta inayeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu kwa hiyo maji yanatosha kabisa, usiiweke moja kwa moja juu ya moto, inawaka. Ikipoa inakuwa kama mafuta ya mgando. Paka kwenye bawaba, komeo, kufuli kwa nje, grili, panga ambalo hutalitumia mpaka msimu ujao. Inakaa kuliko mafuta matupu na maji yanateleza juu yake. Ila niseme ukweli, upande wa nyumba unaotazama bahari nta haikutosha, mwezi mmoja tu wa kusi wekundu ukarudi pembeni, pale nikaweka rangi ya chuma ya dukani na sijuti. Vya asili vina mahali pake.

Jirani yangu mmoja anayebangua korosho nyumbani alinionyesha yake, anapaka mafuta ya maganda ya korosho kwenye bawaba za banda la kuku na kwenye mipini ya majembe. Kweli yanakauka yanakuwa kama vanishi nyeusi, na viwandani yanatumika kwenye rangi na vanishi, sishangai. Lakini yanaunguza, mwangalie mikono mtu yeyote aliyebangua bila kujipaka majivu. Bandani sawa, na mkono uwe na glavu. Karibu na chakula, au mahali mtoto anaposhika, hapana kabisa.

Kwa vya mabati, ndoo na mabeseni yale ya kijivu, msifanye haya ya mbirimbi wala siki. Yana zinki juu ndo inayoyalinda, asidi inaivua yote kwa siku moja. Sabuni, maji, geuza kifudifudi.

Na stenlesi. Nilinunua kisu mjini nikaambiwa hiki hakishiki kutu milele, miezi mitatu kina vidoadoa kama vimechomwa sindano. Stenlesi inajikinga kwa kromiamu, madini yanayochanganywa na chuma, angalau asilimia 10.5, inatengeneza ngozi nyembamba sana usiyoiona, na adui mkubwa wa ngozi hiyo ni chumvi, na dawa za kung'arishia nguo nyeupe ndo mbaya zaidi. Usiache maji ya chumvi yalale kwenye sufuria ya stenlesi, chumvi itie maji yakishachemka, na usiisugue kwa stili waya maana vipande vya waya vinabaki pale vinashika kutu unadhani ni sufuria. Ile ya kupima na sumaku, eti kikinasa si stenlesi, isikudanganye, visu vizuri vya stenlesi vingi vinanasa sumaku.

Mahali pa kuweka nako kuna maneno. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, ukuta unapumua unyevu na chumvi mwaka mzima, ndo maana panga liliumia upande ule ulioegemea. Sasa nimepigilia ubao ukutani, vitu vinaning'inia kwenye ubao, havigusi ukuta wala sakafu ya sementi. Usifunge panga kwenye plastiki, jasho linabaki ndani. Jembe litoe udongo wote, udongo mbichi wa shambani ukikaukia pale unaficha maji chini yake siku nzima. Kwenye sanduku la vifaa nimeweka vipande vya mkaa mkavu, navianika kila baada ya wiki mbili, vinasaidia kiasi.

Mwezi wa nane bibi alishuka kutibiwa, akakaa kwangu wiki. Jikoni hakusema kitu, alichukua sindano zangu za mkono nilizokuwa nimezichomeka kwenye kitambaa dirishani, akaomba donge la nta, akazichomeka zote humo mpaka kwenye tundu. Moja hakuiona, ilibaki kwenye kitambaa. Nimeitoa jana, imeshika kutu mpaka haipiti kwenye nguo, na zile za kwenye nta nimeshonea khanga yake leo asubuhi.